Udugu na mali kauli: Unguja hadi Ujiji kwenye njia ya Tippu Tip

Jumamosi, Unguja

Nyumba tuliyoanzia iko Shangani, katika uchochoro mwembamba ambamo mtu mwenye mkungu wa ndizi begani lazima ageuke ubavu ili mwenzake apite. Siku hizi zinakaa familia kadhaa ndani yake. Kamba za nguo zimevuka ua, na mtoto mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi akifanya hesabu za shule. Hapa aliishi uzeeni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara ambaye pwani, Kongo na Ulaya zilimjua kwa jina la Tippu Tip. Alifariki mjini humu Juni 1905.

Nimefuatana na Shangazi. Yeye amefanya biashara ya vitenge, mawese na dagaa kati ya Kigoma na Kariakoo tangu nikiwa mdogo, enzi hizo wakilala juu ya mizigo yao ndani ya treni. Mimi nimesoma habari za Tippu Tip kwa muda mrefu, lakini njia yenyewe anaijua yeye. Nilimwambia nataka kuifuata kwa sababu moja: vitabu vya shule vilinipa Tippu Tip wa pembe za ndovu na bunduki, vikaninyima mama yake, mke wake, mama yake wa kambo, wakwe na wadai wake. Mfanyabiashara gani anasimama peke yake? Shangazi alijibu kabla sijamaliza. "Hakuna, mwanangu. Asiye na mtu hapewi mzigo."

Bibi mmoja alitutazama kutoka dirishani juu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuambia tusimame kivulini. Alisema wageni huja, hupiga picha mlango, huondoka, na ni wachache wanaouliza ndani kulikuwa na nani.

Ndani kulikuwa na nani? Hamed alizaliwa hapa kisiwani, Kwarara, mwaka 1837 hivi. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara aliyekaa zaidi Unyanyembe, yaani upande wa Tabora ya leo, kuliko Unguja. Mama yake alikuwa binti wa Habib bin Bushir el-Wardi, wa asili ya Maskati. Upande wa baba damu ilikwishachanganyika zamani: bibi mmoja wa nyuma alikuwa mwanamke wa Mbwamaji, kile kijiji cha pwani kusini mwa Dar es Salaam. Kwa hiyo yule "Mwarabu" wa vitabu vya Wazungu alikuwa mtoto wa Unguja na Mrima, pwani ya bara, kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo simulizi ninayoibeba katika begi langu.

Alianza kuchuuza sandarusi, utomvu mgumu wa miti, akiwa na miaka 12, safari za karibu karibu. Baadaye alimwoa binti wa Salum bin Abdallah el-Barwani, mwanamke mwenye mali yake mwenyewe Unguja na Maskati. Katika simulizi anatajwa hivyo hivyo, binti Salum, na mali zake. Nimelitafuta jina alilopewa na wazazi wake, kwa sababu ndoa ile ilimpa kijana wa Kwarara heshima mbele ya watu wenye fedha, na heshima mbele ya watu wenye fedha ndiyo iliyokuwa mtaji.

Tulishuka Mkunazini jioni. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na kanisa la Anglikana likaanza kujengwa mahali pale pale. Nje, kwenye shimo lililojengewa, wamesimama watu wa mawe wakiwa na minyororo shingoni. Sanamu ni za mwaka 1998. Minyororo ni ya kweli, ya zamani.

Shangazi ni mtu wa maneno, ila pale alinyamaza muda mrefu. Tulipokuwa tunarudi alisimama kwenye mlango mmoja wa kuchonga, katika ile mitaa ya nyuma, akapitisha kidole juu ya mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, pete baada ya pete, mpaka karibu na kizingiti ambapo mbao imeliwa na chumvi. Kijana wa duka jirani akasema wengine huueleza mnyororo ule kuwa ni kinga ya nyumba, wengine humwambia mtalii ni alama ya muuza watumwa. Shangazi alisema, "Wale wa kule shimoni, kila mmoja alikuwa na mama yake anamtafuta."

Jumapili, Bagamoyo

Boti ya asubuhi. Ukitoka bandarini unaliona vizuri jengo la zahanati ya zamani, lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi. Lilianzishwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, kwa heshima ya jubilii ya Malkia Victoria ya 1887. Alifariki 1891 kabla halijakamilika. Nilimwonyesha Shangazi kwa sababu ya fedha: Taria Topan ndiye aliyekuwa mdai mkubwa wa Tippu Tip. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilitoka ghalani mwake, zikaenda bara, na malipo yakarudi kwa pembe baada ya miaka. Safari moja Tippu Tip alikaa bara miaka 12 hivi, akarudi Unguja mwaka 1882. Miaka yote hiyo deni lilikuwa kwenye daftari la Topan.

"Mali kauli," alisema Shangazi.

Ndiyo hiyo hiyo. Unachukua mzigo kwa neno lako, unauza, unarudisha fedha ya mwenye mali, faida inabaki yako. Shangazi alinieleza, tukiwa tumebanana kwenye daladala ya kwenda Bagamoyo, jinsi alivyopata mzigo wake wa kwanza wa vitenge. Mwenye duka Kariakoo hakumtaka hati ya nyumba. Aliuliza: kwenu wapi, baba yako nani, umeolewa na nani, nani mwingine ananijua mimi na wewe. Aliporidhika kwamba akikimbia kuna mtu wa kumwendea, akafungua robota. Mfanyabiashara wa mali kauli huweka rehani ukoo wake. Ukikosa kulipa, anayeaibika ni mama yako.

Niliandika maneno hayo nikiwa bado kwenye daladala, maana nadhani yanamweleza Tippu Tip kuliko sura nyingi nilizosoma.

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kwa pembe na mwanzo wa njia kwa nguo. Jengo la msafara, lile wanaloliita Caravanserai, lina ua mpana. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na pembe kutoka bara, wakangoja mizigo ya kurudi nayo. Mzigo ulipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, pamoja na mkeka wake, chungu na posho, na kufika Unyanyembe kulichukua kama miezi mitatu. Wengi wa wapagazi hawa walikuwa watu huru wenye ujira, waliojivunia kazi yao, kijana wa Unyanyembe akihesabiwa mwanamume baada ya kuiona bahari. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu humwona kila mbeba pembe kuwa mtumwa. Msafara ulikuwa na watu huru na wasio huru, na mara nyingine mtu alianza safari yupo upande mmoja akaimaliza upande wa pili.

Kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868, tuliona makaburi na mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuuleta kwa miguu kutoka Zambia ya leo. Misheni hii ilikomboa watoto sokoni kwa fedha, ikawapa majina mapya, ikawaoza wao kwa wao na kuwajengea kijiji. Hawakuwa na kwao pa kurudishwa. Nilikaa kwenye kivuli cha miembe nikalifikiria hilo kuliko nilivyofikiria juu ya Livingstone.

Jumatatu, ndani ya treni

Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza 2024, na Shangazi hajaizoea. Anaisifu, halafu anauliza mizigo ya akina mama inakaa wapi. Kwenye treni ya zamani ya Reli ya Kati, anasema, kila kituo kilikuwa soko, ukinunua vitunguu hapa na asali pale.

Baada ya mahandaki ya Kilosa nchi inakauka. Tulipita Gulwe, upande wa Mpwapwa, na kwa dirisha nikatazama nchi ambayo misafara iliiogopa: Marenga Mkali, mbuga ya maji machungu kabla ya kuingia Ugogo, ambako watu walitembea mchana na usiku ili wafike kwenye maji ya kunyweka. Kisha Ugogo wenyewe na hongo yake, yaani ushuru wa njia. Kila mtemi alidai nguo kabla ya kuruhusu msafara kuteka maji kisimani, na kwa haki, maana maji yalikuwa machache na msafara wa mamia ya watu unaweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku moja. Wasafiri wa Kizungu waliandika juu ya hongo kama unyang'anyi. Tippu Tip, mtoto wa njia, aliichukulia kama gharama.

Sisi tulivuka yote hayo tukila karanga.

Jumanne, barabarani

Basi kutoka Dodoma kupitia Manyoni na Itigi. Vumbi, miombo, mizinga ya nyuki juu ya miti kuanzia Itigi na kuendelea. Tabora usiku. Shangazi ana rafiki yake hapa, mke wa mwuza asali, na tulipokewa kwa ugali, kuku na mlenda kama vile tulikuwa tunasubiriwa.

Jumatano, Kwihara

"Mwangaluka," Shangazi alimsalimia mzee aliyekuja kutufungulia, na uso wa mzee ukafunguka kabla ya mlango. Kwihara ni kilomita chache nje ya mji wa Tabora. Tembe iliyopo, ambayo sasa ni makumbusho, inajulikana kwa Livingstone na Stanley waliokaa hapo mwaka 1872: kuta nene za udongo, paa la bapa, ua katikati, vyumba vyenye giza na baridi hata saa sita mchana. Misafara mikubwa ilipumzika hapa, na wafanyabiashara wa pwani walijenga tembe kama hii, wakapanda miembe, wakalima mpunga, wakaoa.

Huko kuoa ndiko kulikonileta.

Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikuwa na kwake karibu na hapa, Ituru. Na alikuwa amemwoa Karunde, binti wa nyumba ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tafakari maana yake. Mfanyabiashara wa pwani kwa kawaida ni mgeni: anatoa hongo, anangoja ruhusa, anauziwa chakula kwa bei ya mgeni, na siku ya ugomvi ndiye wa kwanza kufukuzwa. Mkwe wa mtemi ni mtu wa nyumbani. Anapata ardhi, anapata watu wa kubeba mizigo, anapewa habari mapema. Katika simulizi ya mwanawe, Muhammed bin Juma ni mtu mwenye neno Unyanyembe, na neno hilo alilipata kupitia Karunde.

Nimejaribu kumwona mwanamke huyu. Alikuwa binti wa watemi kabla ya kuwa mke wa mtu wa pwani, na nyumba yake haikuhitaji nguo za Bagamoyo ili iheshimiwe. Ukoo wake nao ulipata kitu: bunduki, nguo, rafiki ufukweni. Ndoa ile ilikuwa mkataba wa pande mbili, na naamini Karunde alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Fundikira alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, ukaja ugomvi wa kurithi kiti. Mnywa Sere akatawala, akagombana na Waarabu, wakamtoa na kumweka Mkasiwa, na vita vikaendelea miaka. Wenye biashara walikuwa wamekwisha kuwa wakwe, na wakwe wakaingilia urithi.

Nilimsomea Shangazi ile sehemu ya Hamed kijana. Baba yake alimchukua hadi bara, akiwa na miaka kama 18, kisha akataka mali apewe mtu mzima mwingine aisimamie upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Hamed alikataa. Afadhali arudi, kuliko kufuata mali ya baba yake mikononi mwa mtu mwingine. Baba akakubali, akamkabidhi. Shangazi akacheka kwa furaha. "Huyo mtoto wa dukani. Wangu alinifanyia hivyo hivyo. Ukimnyima droo ya fedha akiwa na miaka 18, hutampata tena akiwa na 30."

Nilimuuliza mzee kuhusu ukoo wa Fundikira leo. Akasema kila mtu wa hapa anamkumbuka Chifu Abdallah Fundikira, aliyekuwa waziri wa sheria katika serikali ya Nyerere baada ya uhuru, akajiuzulu mwaka 1963, na akafariki 2007. Nyumba ya mtemi ilibaki na jina lake mpaka enzi za Jamhuri. Za Waarabu wa Kwihara zimebaki kuta.

Alhamisi, Tabora

Siku ya sokoni. Shangazi alinunua asali ndoo mbili na michembe, akajadiliana bei tangu saa tatu mpaka saa tano, kwa upole na bila kuchoka. Nilijifunza kwamba kabla ya bei kunatangulia habari za watoto. Mwuzaji akishataja mtoto anayesoma sekondari, hawezi tena kukutajia bei ya uongo mkubwa.

Mchana nilisoma. Jioni mvua.

Ijumaa, Tabora hadi Kigoma

Urambo tulipita asubuhi. Ni mji wa Milambo, mtemi aliyewafungia Waarabu wa Unyanyembe njia ya Ujiji mwaka 1871 na kuwapiga, hata Stanley akalazimika kuzunguka kwa kusini ili amfikie Livingstone. Wengi walimwogopa Milambo. Tippu Tip, akirudi kutoka Kongo na pembe nyingi, alitafuta urafiki naye na akapita kwa amani. Ni tabia yake ile ile ya nyumbani: penye uwezekano wa undugu, kwanza undugu. Bunduki aliitumia bila huruma pale aliposhindwa au alipoona haimgharimu, na nchi ya mtemi Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, ililipia hilo mwaka 1867.

Tulivuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Wakati wa misafara ulilipa ili uvushwe kwa mtumbwi, mtu na mzigo wake. Upande wa pili ni Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi ambazo watu wamezichemsha tangu zamani sana, kabla ya msafara wowote wa pwani. Chumvi ya Uvinza ilikuwa fedha katika nchi za ziwa. Nalitaja kwa sababu tunazoea kusimulia kana kwamba biashara ya bara ilianza siku mtu wa pwani alipofika na kaniki. Njia zilikuwepo. Wanyamwezi walizijua. Watu wa pwani walifuata nyayo zao.

Kigoma magharibi, jua likizama upande wa Kongo.

Jumamosi, Ujiji

Mwembe uliopandwa mahali pa ule ambao chini yake Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871 una uzio, na kuna makumbusho. Kijana mwongozaji alikuwa na heshima, alimwita Shangazi "mama" na mimi "kaka", akatueleza vizuri. Ziwa limerudi nyuma, na sasa ufuko uko mbali kidogo na mahali ambapo zamani mitumbwi ilifungwa. Aliutaja pia mpango wa kuiweka njia hii yote, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, kwenye urithi wa dunia. Imo katika orodha ya awali ya Tanzania tangu 2006.

Mimi nilimuuliza habari za wafanyabiashara wenyewe. Ujiji alikaa Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan el-Barwani, mshirika wa Tippu Tip. Ng'ambo ya ziwa, hadi Maniema katika Kongo ya mashariki, walikuwepo watu wake wa damu: ndugu yake wa upande wa mama, Muhammed bin Masud el-Wardi, Bwana Nzige na mwanawe Rashid, na mtoto wake mwenyewe, Sefu. Ndiyo ilikuwa kampuni. Kila kituo kilikuwa na ndugu, shemeji au mtoto, kuanzia Unguja mpaka maporomoko ya mto Kongo, ambako mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa liwali. Mtoto huyu Sefu alikufa 1893 akipigana na majeshi ya Leopold yule yule, wakati baba yake amekwisha kurudi Unguja. Rumaliza alishindwa mwanzoni mwa 1894 akakimbia, na baadaye akamdai mshirika wake mali mbele ya Wajerumani. Baba aliyeweka ukoo wake wote njiani aliuzika ukoo huo njiani.

Lakini kisa nilichotaka kumsomea Shangazi tukiwa tunatazama ziwa kilikuwa cha Kitoto.

Tippu Tip anasimulia hivi. Magharibi ya mbali, katika nchi ya Utetela huko Kongo, alitawala mzee Kasongo Rushie. Miaka mingi nyuma, dada zake wawili walikuwa wametekwa vitani na mtemi wa Urua, nchi nyingine ya Kongo, wakapelekwa huko. Hawakurudi. Mzee aliwalilia maisha yake yote. Tippu Tip alipopata habari hizi kutoka kwa wenyeji alitengeneza ukoo: mmoja wa wale wasichana, Kitoto, alinunuliwa na babu yake, Habib bin Bushir, akawa mke nyumbani mwake, akazaa, na uzao wake ndio mama yake Hamed. Kwa hiyo yeye, mgeni mwenye bunduki, ni mjukuu aliyerudi. Mzee alifurahi. Alimpokea kama damu yake, akamwachia kiti. Watu wakaleta pembe kwa mjukuu wa nyumba.

Haikuwa kweli, na msimuliaji hafichi kwamba haikuwa kweli. Anajivunia akili yake.

Shangazi aliniomba nirudie sehemu ya dada wawili. Kisha akasema, polepole, kwamba katika biashara watu huitana ndugu kila siku. Yeye Wakongo wanamwita dada, anawaita shemeji, na hakuna anayepima damu, kwa sababu kila mmoja anajua kilichokubaliwa. "Ila huyu alikwenda kwa mzee aliyeibiwa watoto wa mama yake," alisema, "na yeye mwenyewe ndiye mwenye kununua watoto wa watu. Akamwuzia kilio chake."

Sijasoma mahali popote palipoliweka jambo hili wazi hivyo. Nyumba ya Tippu Tip ilisimama juu ya udugu: mama wa Maskati, bibi wa Mbwamaji, mke mwenye mashamba, mama wa kambo wa Unyanyembe, ndugu wa Maniema, mdai wa Kihindi aliyeamini jina la ukoo. Na bidhaa yake, kando ya pembe, ilikuwa watu waliokatwa udugu. Mtumwa aliuzika kwa sababu hakuna baba wa kumwendea, hakuna mjomba wa kudai fidia, hakuna anayejua kwao. Ndiyo maana walipelekwa mbali. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika 1922. Maelfu wakabaki hapo hapo walipo, wengi wakitumia majina ya koo za waliowamiliki, kwa kuwa njia ya kwao ilikuwa imefutika.

Shangazi alimgeukia kijana wa makumbusho.

"Mwanangu, Kitoto yuko wapi humu ndani?"

"Nani, mama?"

Alimsimulia. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema hana maelezo yake, na hata lile jina analisikia leo. Akatoa daftari akaniomba nimwandikie jina la Kitoto, la Kasongo Rushie na la Karunde, pamoja na mahali yanapopatikana katika simulizi, akiahidi atasoma. Nikaandika kurasa mbili. Alikuwa na maswali mazuri, hasa juu ya Karunde, maana mama yake ni Mnyamwezi wa Tabora.

Tulipotoka, Shangazi alikwenda moja kwa moja ufukoni kwa akina mama wa dagaa. Mmoja wao, wa kutoka Kongo, alimpokea kwa kelele. "Dada! Uko muzima? Na watoto?" Watoto kwanza, wote, mmoja mmoja kwa jina. Halafu magunia. Aliondoka na mzigo wa dagaa na madumu ya mawese ambayo atayalipa akishauza Dar es Salaam. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Basi letu ni kesho alfajiri, na mimi nimepewa kazi ya kulinda magunia.